Nilikuwa mbele kwa askari mmoja, mbona mchezo uliisha sare?

*"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 43, naishi Magomeni. Nilikulia kwenye drafti kijiweni na sataranji nimeanza kuicheza miaka minne iliyopita. Hivi karibuni nilishiriki mashindano ya wikendi hapa Dar es Salaam, dakika 60 kwa kila mchezaji na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua. Raundi ya mwisho nilicheza kete nyeupe dhidi ya kijana wa sekondari. Kufikia hatua ya 29 kila mmoja alibaki na ngome moja; mimi nilikuwa na askari wanne (c2, f2, g2, h2), yeye watatu (f7, g7, h7). Nimefundishwa kwamba aliye mbele abadilishane kete, nami nikafanya hivyo. Hadi hatua ya 45 askari wote wa upande wa mfalme walikuwa wamekwisha. Mfalme wangu alikuwa d3, ngome a1, askari c2. Mfalme wake d7, ngome c8. Nikasogeza askari hadi c3, yeye akaleta ngome c6, nikampa cheki kwa ngome a7, akakinga kwa ngome c7, tukabadilishana ngome. Baada ya hapo sikuweza kupenya. Hatua ya 58 mwamuzi akatangaza sare kwa sababu mfalme wake hakuwa na pa kwenda. Kwenye drafti asiye na pa kwenda ameshindwa! Programu ya simu ilionyesha niko mbele, kisha ghafla ikaandika sifuri. Rafiki yangu ananiambia nilipie masomo ya ufunguzi. Mke wangu ananiambia niache kabisa, maana wiki tatu sasa silali vizuri. Nilikosea wapi?"*

Marahaba, ndugu yangu. Nimeupanga mchezo wako mezani na kuurudia mara tatu, na nashukuru kwamba uliandika kila hatua hadi mwisho, kwa sababu wengi wakibanwa na saa huacha kuandika, kisha huja kwangu na hasira tu bila ushahidi. Unachouliza hasa, nikikuelewa vyema, ni hiki: ulifuata kanuni uliyofundishwa, ukawa mbele, lakini ushindi haukuja; je, kanuni ni ya uongo, au wewe ndiye huna kipaji? Kanuni si ya uongo, ila imekufikia ikiwa nusu. Kuhusu kipaji, mchezo huu hausemi lolote.

Naanza na lile la drafti, kwa sababu naona ndilo linalokuuma zaidi. Ni kweli kwamba kwenye drafti mchezaji aliyezibwa kote ameshindwa, na kwenye bao pia asiye na kete ya kucheza ameshindwa. Sataranji haiko hivyo. Ushindi wake ni kumfunga mfalme akiwa anashambuliwa. Mfalme asiyeshambuliwa lakini asiye na hatua yoyote halali, wala kete nyingine ya kusogeza, amekwama, na kukwama ni sare. Huko Uingereza katika karne ya 17 na ya 18 kulikuwa na kanuni ya ajabu zaidi, kwamba anayemkwamisha mwenzake ndiye anayehesabiwa kuwa ameshindwa, kwa hiyo wewe ungetoka ukumbini ukiwa mikono mitupu kabisa. Leo sheria ni moja duniani kote chini ya shirikisho la kimataifa, FIDE, lililoundwa Paris mwaka 1924. Mwamuzi wako hakukuonea.

Sasa twende kwenye ubao. Kwa msomaji mgeni: kila mraba una jina, herufi a hadi h ni mistari ya wima kutoka kushoto kwa mwenye kete nyeupe, na namba 1 hadi 8 ni safu kutoka upande wake. Ulipofika hatua ya 48, ukamla ngome yake na mfalme wake akala yako pale c7, ulibaki na mfalme d3 na askari c3, zamu ikiwa yako. Wengi wanadhani kwamba hapa kazi imebaki ya kutembea tu: askari mmoja dhidi ya sifuri, asindikizwe hadi mwisho, ageuke malkia. Lakini mchezo wa wafalme na askari una sheria zake za ndani, na ya kwanza ni kwamba askari hafiki mwisho kwa kusukumwa; anafika kwa sababu mfalme wake amemtangulia na kumfungulia njia. Mfalme anayetembea nyuma ya askari wake ni kama mwenye mzigo anayemfuata mkokoteni badala ya kumtangulia kuomba njia: wakikutana na mtu aliyesimama katikati, wote wawili wanasimama.

Mfalme wako alipaswa kufika wapi? Kwa askari aliyesimama c3, kuna miraba mitatu ya kufungulia mlango: b5, c5 na d5. Ukikanyaga mmojawapo, na mpinzani asiweze kumla askari papo hapo, umeshinda, iwe zamu yako au yake. Kwa askari aliyesimama c2, miraba hiyo ni b4, c4 na d4. Tazama vizuri tofauti hiyo, maana mchezo wako wote umelala hapo. Askari akiwa nyuma hatua moja, miraba ya ushindi nayo iko karibu na mfalme wako hatua moja.

Kutoka d3, kwa zamu yako, ungefika c4 au d4 mara moja. Kama askari angekuwa bado c2, hiyo ingekuwa miraba ya ushindi na mchezo ungekwisha. Kwa kuwa ulikwisha kumsogeza hadi c3, ulihitaji kufika safu ya tano, na kijana alikuzuia kwa njia moja tu: kila uliposimama, alisimama mbele yako na kuacha mraba mmoja mtupu kati yenu. Ulikwenda c4, akaja c6. Ulikwenda d4, akaja d6. Hali hii naiita makabiliano ya wafalme. Mfalme haruhusiwi kugusana na mfalme, kwa hiyo wafalme wawili wakitazamana hivyo hakuna anayeweza kusonga mbele, na yule ambaye zamu ni yake ndiye anayelazimika kumpisha mwenzake. Fikiria watu wawili waliobeba marobota kwenye uchochoro wa Kariakoo, uso kwa uso: mradi wote wamesimama, hakuna tatizo, anayelazimishwa kusogea ndiye anayefungua njia. Kwenye drafti unajua vizuri jinsi zamu inavyoweza kumgeukia mtu ikawa mzigo. Hapa ni hivyo hivyo. Kila mara zamu ilikuwa yako, na hukuwa na hatua ya akiba ya kumrudishia.

Hatua hiyo ya akiba ulikuwa nayo. Uliitumia hatua ya 46.

Hebu tuone ingekuwaje. Mfalme wako d3, ngome a1, askari bado c2; yeye mfalme d7, ngome c8. Badala ya kusogeza askari, unatoa ile cheki ya a7, yaani shambulio kwa mfalme wake, papo hapo. Kijana, kama alivyofanya hatua moja baadaye, anakinga kwa ngome c7. Mnabadilishana, mfalme wake anabaki c7, na wewe unakwenda c4. Yeye anakuja c6 kukukabili, na sasa ndipo unapocheza askari kutoka c2 hadi c3. Ni hatua ile ile uliyoicheza, ila imekuja wakati wake. Wafalme bado wanatazamana, lakini zamu ni yake. Akienda b6, wewe unaingia d5. Akienda d6, unaingia b5. Akirudi nyuma, unamfuata mbele. Hakuna ulinzi.

Uliniandikia mwishoni mwa karatasi kwamba ulimsogeza "ili asibaki nyumbani peke yake". Nakuelewa. Mfalme wako wa d3 alikuwa tayari anamlinda pale c2, hakuwa na hatari yoyote, lakini ulikuwa na dakika nne, na mkono unapenda kufanya jambo linaloonekana la usalama. Ninyi mafundi mnajua kwamba kitambaa ambacho hakijakatwa bado kinaweza kuwa chochote. Askari hali kadhalika, na yeye hana hata njia ya kurudi nyuma.

Hapa ni lazima niwe mkweli kwako kwa upande mwingine. Siwezi kusema kwamba ulinyang'anywa ushindi hatua ya 46. Kijana hakulazimika kukinga kwa ngome. Angeweza kumtoa mfalme wake hadi d6 au c6 na kuendelea kulinda akiwa na ngome yake, na mchezo wa ngome na askari dhidi ya ngome, mfalme wa mlinzi akiwa amesimama mbele ya askari, kwa kawaida ni sare. Jambo hilo lilionyeshwa tangu karne ya 18 na Mfaransa Philidor, ambaye kwa kazi alikuwa mtunzi wa muziki, na mpaka leo ulinzi wenyewe unaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo ulichopoteza pale ni nafasi nzuri ya kumfanya akosee, si ushindi uliokuwa mfukoni.

Hapo ndipo simu yako ilipokuchanganya. Namba inayoonyeshwa na programu ni makadirio, si hukumu. Inaona una askari mmoja zaidi, inakupa alama. Mnapobadilishana ngome hesabu inakuwa fupi, inaona mwisho, inaandika sifuri. Haimaanishi kwamba hatua ya 48 ndiyo iliyoharibu kila kitu. Kompyuta zimekwisha kuhesabu hadi mwisho nafasi zenye kete saba au pungufu ubaoni, wafalme wakiwemo, na yako ilikuwa na kete tano. Huko jibu huwa ni kushinda, kushindwa au sare, hakuna "mbele kidogo". Ukipata programu inayotumia hesabu hizo, iamini katika miisho kama hii kuliko ile namba inayopanda na kushuka.

Basi kosa kubwa lilikuwa wapi? Liko kati ya hatua ya 29 na ya 45, mahali ambapo hukuniuliza. Ulifundishwa kwamba aliye mbele abadilishane. Nusu ya pili ya kanuni hiyo ni kwamba abadilishane kete kubwa, yaani zile zisizo askari kama ngome, na awatunze askari. Wewe uliitunza ngome na ukawabadilisha askari, jozi baada ya jozi, jozi tatu, mpaka ukabaki na mmoja. Ulibadilisha vitu vinavyostahili kubadilishwa na visivyostahili, na mpangilio ukawa kinyume.

Sababu yake ni hii. Hatua ya 29 ulikuwa na askari wa c2 peke yake upande mmoja, bila askari wa adui wa kumzuia, na upande wa pili askari watatu kwa watatu. Laiti ngome zingetoka wakati huo, askari wako wa c angeanza kutembea, mfalme wa kijana angelazimika kwenda kumzuia, na wakati yuko huko mbali, mfalme wako angegeuka na kwenda f7, g7 na h7 kula. Askari wa c angekuwa chambo. Usingehitaji kabisa kumpeleka mwisho, wala usingejali nani anamkabili nani pale c6. Katika hali ya namna hiyo, mwenye askari wa mbali kwa kawaida anashinda, na anashinda kwa urahisi ambao ungekufanya ulale usingizi mnono. Kila jozi ya askari uliyoiondoa ubaoni ilimpunguzia kijana sehemu moja ya kulinda, na ilipoondoka ya tatu, mfalme wake alikuwa na kazi moja tu duniani.

Sisemi kwamba angekubali kubadilishana ngome kwa hiari. Pengine angeikimbiza yake, na ungelazimika kumbana, na huenda bado angepata sare, maana michezo ya ngome ni migumu hata kwa mabingwa. Lakini ungekuwa unauliza maswali upande wote wa ubao. Mimi mwenyewe, miaka mingi iliyopita, katika ukumbi mmoja wa shule ambao feni yake ilikuwa ikilia kama debe, niliwabadilisha askari hivyo hivyo huku nikijipongeza kwa jinsi mchezo ulivyokuwa unakuwa "rahisi". Ulikuwa unakuwa rahisi kwa mwenzangu.

Mpe kijana haki yake pia. Hatua ya 55, mfalme wako akiwa c5, askari c6, yeye alikuwa c7 na zamu ilikuwa yake. Alikuwa na miraba mitatu ya nyuma: b8, c8 na d8. Alirudi c8, moja kwa moja nyuma, na hiyo ndiyo pekee inayookoa. Angekwenda d8, ungeingia d6; angerudi c8, ungesukuma askari c7, angetoka b7, ungeingia d7 na askari angegeuka malkia. Angekwenda b8, ni yale yale kwa upande wa pili, kwa kupitia b6. Kijana wa sekondari aliyelijua hilo akiwa amechoka, raundi ya mwisho, amefundishwa na mtu makini au amejifunza kwa bidii. Hukupewa sare na bahati yake.

Kuhusu masomo ya ufunguzi, rafiki yako ana nia njema, lakini katika mchezo huu uliingia hatua ya 29 ukiwa mbele, kwa hiyo ufunguzi wako ulikuwa umekufanyia kazi yake. Kukariri hatua kumi na tano za mwanzo hakutakusaidia hatua ya 46. Capablanca, Mcuba aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927, alishauri watu waanze kujifunza kutoka mwisho wa mchezo, na kwa mtu aliyekulia kwenye drafti naona ushauri huo unafaa maradufu, kwa sababu tayari una jicho la kuhesabu zamu. Mwalimu wa kulipwa ana faida yake, hasa akikaa nawe na michezo yako mwenyewe badala ya kukuhutubia; ila kama fedha ni za kubana, usizitoe kwanza. Mazoezi ya simu nayo ni mazuri, lakini hupenda kukuambia kwamba kuna ushindi mahali fulani, na mezani hakuna mtu wa kukunong'oneza hivyo.

Zoezi nitakalokupa halina gharama. Chukua ubao wako wa drafti wa miraba 64 na vizibo vitatu vya soda: kimoja mfalme wako, kimoja mfalme wa adui, kimoja kilichogeuzwa ni askari. Weka mfalme c4, adui c6, askari c2, zamu yako. Shinda. Kisha weka vile vile lakini askari c3. Jaribu kushinda, hutaweza. Kisha hamia upande wa adui na utetee hadi upate sare bila kufikiri. Mwite mwanao au jirani akukalie upande wa pili. Dakika ishirini, siku tatu kwa wiki, kwa mwezi mmoja. Baada ya hapo ongeza vizibo upande wa pili wa ubao, uone mwenyewe jinsi mambo yanavyobadilika. Mashindanoni, jiwekee desturi moja: kabla ya kubadilishana kete kubwa ya mwisho, simama, hesabu miraba mitatu ya askari wako, uliza zamu itakuwa ya nani. Sekunde 30 za nyongeza zinatosha kwa hesabu hiyo ikiwa umeizoea.

Mkeo nisimpinge wala nisimuunge mkono haraka. Kuacha mchezo kwa sababu ya sare moja naona ni kujinyima. Lakini kukosa usingizi wiki tatu si jambo la sataranji peke yake. Acha kufungua mchezo huo kwenye simu usiku, ukiwa kitandani. Kama baada ya wiki moja au mbili bado hulali, nenda kituo cha afya ukaongee na daktari, maana yanaweza kuwa mengine kabisa na mchezo umepata lawama tu.

Na ukitaka, tafuta klabu iliyo karibu nawe au mwalimu wa kukaa naye ana kwa ana, kwa sababu mimi naona hatua zako tu, sioni mkono wako unavyokimbia. Ukienda, beba karatasi ya mchezo huu na nyingine mbili ulizoshindwa, na kuanzia sasa, pembeni ya kila hatua ya tano, andika dakika zilizobaki kwenye saa yako. Hatua ya 29 hadi 45 sikuweza kujua kama uliwabadilisha askari kwa kufikiri au kwa kukimbizana na saa, na mwalimu wako atalitaka hilo kabla ya kitu kingine chochote.